Savei Ilipofika Kwenye Minazi ya Charo

Iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nakwenda kisimani, ndoo mkononi, nikainua macho nikaona mnazi umefungwa kitambaa chekundu. Wa pembeni yake nao umefungwa. Na ule uliokuwa karibu na njia ulikuwa na kitambaa na kichupa juu yake, ndani yake kitu cheusi, kimening'inizwa kwa ukambaa na kinacheza na upepo.

Sikufika kisimani. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikamwambia mama, "Charo ametuwekea kiraho."

Wewe uliyekulia mjini huenda hujui kiraho ni nini. Kwetu Giriama, mtu akitaka mali yake isiguswe huitilia dawa, na atakayeigusa bila ruhusa huvimba tumbo. Ndivyo inavyosemwa. Mimi sijapata kumwona aliyevimba, na sitaki kukudanganya. Lakini pia sijapata kumwona aliyejaribu.

Nieleze kwanza habari ya minazi yenyewe, maana bila hiyo utaona watu wazima walikuwa wakigombania kivuli. Ilikuwa ndani ya shamba letu, huku ng'ambo ya Sabaki, kwenye kona ya chini inayoelekea mtoni. Shamba letu, lakini minazi si yetu. Ilikuwa ya Charo, mgema, jirani yetu. Usishangae. Hapa pwani tangu zamani udongo ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Babu yangu alimpokea baba yake Charo alipotoka upande wa Marafa wakati wa njaa, akamwonyesha ile kona, akamwambia panda hapa. Akapanda. Mti ukawa wa aliyepanda, udongo ukabaki kwa mwenyewe. Charo alirithi minazi, baba yangu akarithi udongo. Asubuhi na jioni Charo alikwea, akagema, akateremka na kibuyu chake, akatusalimu, akaenda zake. Mama alilima mihogo chini ya minazi hiyo hiyo. Ilikuwa hivyo tangu nazaliwa, na sikumbuki siku hata moja mtu kuuliza ni kwa nini.

Kisha ikaja savei.

Neno hili tulilipokea likiwa zima, hatukulitafuna. Chifu alisema barazani kwamba serikali inaleta savei, ardhi ipimwe na kila mtu aandikiwe yake, na sisi tukalisema hivyo hivyo, savei inakuja, kama mtu anavyosema mvua inakuja. Hazikupita siku nyingi likawa pia jambo la kutendwa: leo wanasavei kwa akina fulani, na wewe umeshasaveiwa? Mwisho tukawa tunasaveiana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akipita njiani anapunguza mwendo, anapima kwa macho ua wako ulipofika. Mimi nilikuwa na nafasi yangu kati ya makuti ya jikoni, na kupitia nafasi ile nilimsavei Charo kutwa nzima.

Maneno yaliyotutia hofu yalikuwa haya: siku ya kupimwa kila mtu asimame kwenye kona zake, na kona isiyo na mtu, saveya ataandika anavyoona mwenyewe. Nadhani ndivyo chifu alivyosema. Mama ndiye aliyekwenda barazani, nami nilisikia kwa mama, kwa hiyo siwezi kuapa kama lilikuwa neno la chifu au ni hofu iliyoongeza njiani.

Kijiji kilibadilika. Alfajiri ukipita unamkuta mtu ameinama anapanda minyaa ya mpaka hatua kidogo ndani ya shamba la mwenzake, na akikuona anajifanya anatafuta kitu kilichoanguka. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye zizi lake la mbuzi lilikuwa linatembea. Kila ukiamka limesogea. Mkewe akiulizwa alisema mbuzi wanapenda hewa. Saveya mwenyewe naye tulimshuku kabla hatujamwona. Mtu wa bara, anakaa kwa chifu, anapikiwa. Walisema ameshakula kuku wa watu kadhaa na kila kuku ana shamba lake. Mimi, nikisema haki, sikumwona akipokea chochote. Nilikuja kumwona akila, na kila mtu hula.

Sasa weka kiraho kile ndani ya hali hiyo. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka yangu yuko Mombasa kazini. Nyumbani tupo mama na mimi, mabinti wawili unaweza kusema, maana mama naye alikuwa mjane kijana. Na kona ile ndiyo kona bora ya shamba, udongo mweusi, karibu na maji. Nikamwambia mama, "Unaona alivyofanya? Anataka siku ya savei tuogope kusimama pale. Saveya akija amkute yeye peke yake chini ya minazi yake."

Mama aliendelea kumenya mihogo. Alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na alikuwa akituambia mambo ya dawa ni ujinga. Lakini tangu siku ile njia ya kisimani aliibadilisha, akawa anazunguka kwa juu na kusema anapenda kivuli cha huko. Huko juu hakukuwa na kivuli.

Kadiri siku zilivyokaribia, nilimtazama Charo kupitia makuti yangu, na kila alilofanya lilikuwa ushahidi. Akicheka na mtu, wanatucheka. Akinyamaza, anapanga. Akitusalimu, anajifanya. Asiposalimu, si ndiyo hayo? Siku moja nikasema, "Mama, tuikate. Asiwe na minazi, tuone atasimama wapi."

Mama akaniangalia. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na mimi nikachukua panga nikakaa kwenye jiwe la kunolea.

Hapo ndipo alipoingia shangazi yangu, Sidi, dada yake baba. Alitoka Malindi mjini, alikokuwa akiuza mahamri na viazi vya kukaanga. Amesikia savei inafika, amefunga biashara yake, amekuja. Na nisikufiche, tulimshuku na yeye. Nilimwona anashuka na kifurushi chake, nikajiuliza huyu amekuja kusimama kwa ajili yetu au kwa ajili yake. Nilimwamkia, akaitika, macho yake yako kwenye panga.

"Hilo la nini?"

"Kuni, shangazi."

"Kuni za mti au kuni za mtu?"

Mama ndiye aliyemweleza yote, vitambaa, kichupa, kona, saveya. Shangazi alisikiliza huku anajipepea kwa ncha ya leso. Mama alipomaliza, aliuliza neno moja tu.

"Mmemwuliza?"

"Nani?" nikasema.

"Charo. Mmemwuliza kile kiraho ni cha nini?"

"Mtu akikuwekea kiraho utamwuliza nini, shangazi? Si amekwisha kusema?"

"Amesema nini? Umekisikia kitambaa kikisema?" Akanigeukia mwili mzima. "Kadzo, mimi sikukatazi kumshuku mtu. Ardhi ya huku imeliwa na wenye tai na wenye kanzu, na asiyeshuku ndiye anayelala nje. Shuku! Lakini wewe unamshuku mtu kwa kuchungulia kwenye makuti kama mwizi wa kuku. Yeye yuko nje juani, amekwea mti wake, kila mtu anamwona. Wewe uko ndani na panga. Mgeni akipita hapa sasa hivi, kati yenu wawili atasema nani ana nia mbaya?"

Maneno yale yaliniingia vibaya. Shangazi akachukua panga mkononi mwangu, akalisukumiza chini ya kitanda kwa mguu, akasema, "Twende. Wote watatu. Jua liko juu, watu watuone."

Tulimkuta Charo mbele ya nyumba yake, ananoa kotama, kile kisu cha kugemea. Moyo wangu ulipiga, ingawa mgema kunoa kotama ni kama mwalimu kuchonga penseli.

"Hodi hapa."

"Karibuni." Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Bado hakuinua kichwa.

Shangazi akasema, "Charo, nimekuja kugombana. Nipe kiti, maana mimi siwezi ugomvi wa kusimama, miguu yangu mibovu."

Nilimwona anajizuia, kicheko kikamponyoka puani. Akaleta kigoda. Shangazi akakaa, akajiweka sawa, akasema, "Haya. Kiraho ni cha nini?"

"Cha kulinda minazi yangu."

"Unailinda na nani?"

Akanyoosha kotama, polepole, ikaja ikasimama kwangu. "Na huyo."

Mwanangu, nilihisi ardhi imeondoka. Charo akasema aliniona kwa macho yake, nimesimama chini ya mnazi wake na chupa ya mafuta ya taa. Nimesimama muda. Natazama juu. Na sote tunajua, alisema, mafuta ya taa ukiyatia kwenye moyo wa mnazi unakufa taratibu, hakuna jeraha la panga, hakuna wa kushtakiwa. Savei ikifika ikute vigogo, Charo atasema nini?

"Nilikuwa natoka dukani!" nikasema. "Kandambili ilikatika, nikasimama kuifunga!"

"Na juu ulikuwa unatazama nini?"

"Nazi isinidondokee!"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye alicheka, nadhani kwa wasiwasi. Charo hakucheka. Alisema, "Labda." Mpaka leo sijui kama aliniamini. Nami ningekuwa yeye, sijui kama ningeamini.

Kisha mama akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Na sisi tulijua unaitaka ile kona, shemeji."

Charo aliweka kotama chini. Kuku wakapita kati yetu, akawaswaga. Mwisho akasema, "Nilifikiria. Siwezi kusema sikufikiria. Siku hizi kila mtu anafikiria."

"Na sisi tulifikiria panga," mama akasema.

"Najua. Nililisikia likinolewa. Huku kwangu kunasikika."

Hapo ndipo shangazi aliposema kwamba sasa tumegombana vizuri, na kama kuna uji apewe.

Usidhani, mwanangu, kwamba tulirudi nyumbani tukiwa tumepona. Hapana. Charo alisema kiraho hakiwezi kufunguliwa na mtu yeyote ila mganga aliyekifunga, na mganga amesafiri, hatakuwepo siku ya savei. Akasema yeye amekisemea maneno, hakitamdhuru mama. Neno lake tu. Njiani nikamwambia shangazi, unaona ujanja huo? Akasema, "Inawezekana ni ujanja. Inawezekana ni kweli. Umemwuliza, amekujibu mbele ya watu watatu. Sasa mzigo uko kwake, hauko kwako."

Siku ikafika. Saveya alikuwa kijana, kofia pana, shati limelowa mgongoni, amechoka kuliko tulivyomwazia. Alikuwa na darubini ya miguu mitatu na msaidizi wa kubeba ufito wenye rangi nyekundu na nyeupe. Mzee wa kijiji alifuata, na majirani nyuma yake, kila mmoja akitazama kama mwenzake atapewa zaidi. Walianza juu, wakashuka. Mama alitoka, akapita mihogo yake, akaenda akasimama chini ya mnazi wenye kichupa. Mikono ameikunja kifuani. Mimi nilikuwa pembeni yake. Sikuwa nasali, nilikuwa namtazama Charo.

Alisimama upande wa pili wa mnazi huo huo.

"Kona hii ya nani?" saveya akauliza.

Mama alimtazama Charo, Charo akatazama juu, kwenye makuti. Ulikuwa muda mfupi, lakini niliyashuku mambo mengi ndani yake. Kama angesema ni yake, nani angembishia? Miti ni yake, kijiji kizima kinajua. Saveya ni mgeni. Mama ni mjane.

Charo akasema, "Udongo ni wa mama huyu. Minazi ni yangu."

Saveya akafuta jasho. "Mimi sisavei minazi, mzee. Nasavei ardhi."

"Kwa hiyo minazi inaandikwa wapi?"

"Haiandikwi. Mwenye ardhi ndiye mwenye vilivyo juu yake."

"Haiandikwi?"

"Haiandikwi, mzee."

Jiwe la mpaka lilikuwa bado mkononi mwa msaidizi. Nilimwona Charo akilitazama. Angeweza kusema nimekosea, kona ni yangu, na tungeanza upya pale pale, na sijui tungeishia wapi. Badala yake aliinama akang'oa majani mahali jiwe lilipotakiwa kuingia, kwa sababu msaidizi alikuwa anahangaika nayo. Nyundo ikagonga. Jiwe likaingia. Basi, jina la mama likaingia kwenye karatasi, na jina la Charo halikuingia mahali popote.

Nimejiuliza jambo hili tangu ujana mpaka nywele hizi. Alijua mapema kwamba minazi haiandikwi, au alijulia pale? Kama alijua, alifanya jambo kubwa ambalo mimi nisingeliweza. Kama hakujua, basi kilichotupa kona ni bahati yetu na kutojua kwake, na alipojua alikuwa na aibu ya kurudisha neno. Siwezi kukuambia ni lipi. Nikisema la kwanza naogopa nampamba, nikisema la pili naogopa namdhulumu marehemu.

Lakini la mama nalijua, nililiona. Saveya alikuwa amekwisha kuinua darubini begani. Mama akasema kwa sauti ambayo hata kanisani hakuwa nayo, "Mzee wa kijiji, na nyinyi wote, simameni. Minazi hii ni ya Charo. Ni ya Charo na watoto wake. Karatasi haina nafasi, basi masikio yenu yawe nafasi."

Charo alikwenda kwake, akarudi na kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi kinachotolewa watu wanapokubaliana jambo. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya babu yangu na baba yake. Shangazi akanywa, akasema limechacha vizuri. Mama, Mkristo wangu wa kila Jumapili, akalowesha midomo. Akanikazia macho nisithubutu kusema kanisani.

Charo aligema pale mpaka alipozeeka. Watoto wake wamegema, sasa wajukuu wanaangua nazi. Na sasa, mwanangu, savei inarudi. Mnataka kugawana shamba, kila mtu apate hati yake, na si vibaya, mmekuwa wengi. Safari hii nasikia wanasavei kwa mashine inayoruka kama kunguru, haihitaji hata mtu asimame. Na nimeonyeshwa kwenye simu yale mnayoandikiana. Huyu anaficha, yule amemhonga mpimaji, shangazi fulani anataka ya kwake akauzie wageni. Kila mtu yuko ndani ya nyumba yake, ananoa. Na mmoja wenu ameandika, nalo nimelisoma mara mbili kwa sababu macho yangu si mazuri, kwamba minazi ya akina Charo haimo kwenye hati. Ni kweli. Haimo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na kama nimekosea mtanirekebisha, mimi shule yangu ilikuwa fupi. Kushuku sikukatazi. Aliyezaliwa pwani hii akiambiwa habari ya ardhi asilegeze moyo tu akakubali, ashuku. Mshuku mpimaji, mshuku ndugu, nishuku na mimi. Lakini ukishuku, toka nje. Nenda mlangoni kwa mtu, mchana, umwulize waziwazi, na uwe tayari kusikia kwamba na yeye amekushuku, na kwamba pengine ana sababu. Usiruhusu mkono wako ufanye jambo ambalo mdomo wako haujauliza. Mimi nilikaribia sana, na sikuokolewa na wema wangu.

Na jingine, gumu zaidi. Siku utakayokuwa upande wenye karatasi, hapo ujishuku wewe mwenyewe kuliko mtu yeyote. Nakuona hutaki kusikia, lakini nitalisema: nakushuku, mwanangu. Si kwa sababu u mbaya. Ni kwa sababu hati ikiwa na jina lako, mkono huwasha. Mpimaji akija, hata kama ni mashine tu juu angani, mtu asingoje mjukuu wa Charo aseme. Wewe uanze. Simama chini ya minazi ile, waite majirani, sema ni ya nani. Na kama mnaweza kuiandika mahali siku hizi, iandikeni, maana masikio yaliyosikia siku ile karibu yote yamezikwa, yamebaki haya yangu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kuuliza unachokiona. Akujalie mpaka ulionyooka na jirani wa kukung'olea majani pale jiwe lako linapoingia. Mihogo yako iote, nazi zao ziangukie mbali na kichwa chako, na wanao na wa kwao wasalimiane asubuhi bila kutazamana mikononi. Amina.